Bata wa Kenya, Karanga za Uganda

Bata mzinga waliokufa Uingereza mwaka 1960 walikutwa katika mkao unaofanana: shingo imepinda nyuma, kichwa kimevutwa kuelekea mgongoni, miguu imenyooka. Madaktari wa mifugo waliandika hivyo shamba baada ya shamba. Kabla ya kufika hapo ndege aliacha kula, mabawa yakalegea, akawa anasinzia, na mara nyingi haikupita wiki. Alipopasuliwa, ini lilikuwa limevia damu na sehemu zake zimekufa. Wengi wao walikuwa vifaranga wa wiki chache tu. Walikufa zaidi ya 100,000, na kwa kuwa hakuna aliyejua kinachowaua, daktari wa mifugo W. P. Blount aliupa ugonjwa huo jina la mtu aliyeishiwa majina: Ugonjwa X wa Bata Mzinga.

Nilikutana na ndege hawa nikitafuta kitu kingine. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu biashara ya karanga enzi za ukoloni, na ukitaja karanga na Waingereza katika sentensi moja mbele ya mwanafunzi wa historia wa Tanzania, jibu linakuja lenyewe: Kongwa. Mpango wa Karanga ulioanza 1947, ekari milioni tatu na robo kwenye makaratasi, matrekta yaliyoshindwa na visiki, pauni milioni 36 zilizofutwa kwenye vitabu mwaka 1951. Ni hadithi tamu, ina mabwana wenye kiburi na ardhi isiyosikia amri, na nadhani utamu wake ndio uliofunika hadithi nyingine zote za zao hili. Nakiri nilitamani karanga zilizowaua bata mzinga wale ziwe zimetoka Kongwa. Sura nzima ya tasnifu ingejiandika. Hazikutoka huko. Zilitoka Brazili.

Bata mzinga wa porini, yule wa misitu ya Amerika, huruka. Jioni hupaa mtini kulala. Yule wa shambani amezalishwa kizazi baada ya kizazi ili awe na kifua kikubwa, na kifua hicho ni kizito mno kwa mabawa yake. Ni ndege anayeishi chini, ndani ya banda, akila anachowekewa. Baada ya vita Waingereza walifuga ndege hao kwa wingi, na ndege anayenenepeshwa haraka anahitaji protini nyingi kwa bei ndogo. Protini hiyo ilitoka kwenye mashudu, yaani makapi yanayobaki karanga zikishakamuliwa mafuta. Mfugaji yeyote wa hapa kwetu anayajua mashudu, hasa ya alizeti na ya pamba. Yananunuliwa kwa gunia, yanavunjwavunjwa na kuchanganywa na pumba. Kule yalifika kwa meli.

Mwanzoni walidhani ni virusi. Lakini ugonjwa haukuhama kutoka banda hadi banda kama virusi vinavyofanya. Wakatafuta dawa za kuua wadudu, wakatafuta sumu za mimea zinazojulikana kuharibu ini, hawakupata kitu. Kilichosaidia ni ramani. Mashamba mengi yaliyopigwa yalikuwa kwenye eneo linalozunguka London, yakinunua chakula cha kinu kimoja. Kisha ugonjwa ukatokea Cheshire, mbali na hapo, na huko chakula kilitoka kinu kingine, cha Selby, ambacho kilikuwa cha kampuni ileile. Wakalinganisha mapishi ya vinu viwili. Kilichokuwa mle mote ni mashudu ya karanga za Brazili. Shehena moja ilikuwa na sumu kali kiasi kwamba wanasayansi waliendelea kuitumia kwenye majaribio na kuiita kwa jina la meli iliyoileta, Rossetti.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, kesi ya mzigo mmoja mbovu kutoka nchi moja. Haikuishia hapo kwa sababu ya bata wetu. Taarifa zilifika Uingereza kwamba vifaranga vya bata vinakufa Kenya na Uganda, na mwaka 1961 Asplin na Carnaghan walieleza katika jarida la Veterinary Record sumu hii na athari zake kwa bata na kuku. Ini za bata wale zilikuwa na uharibifu uleule. Na bata wale hawakuwahi kuonja karanga ya Brazili. Walilishwa mashudu ya karanga zilizolimwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo tatizo halikuwa Brazili wala meli wala kinu. Lilikuwa kwenye karanga yenyewe, au kwenye kitu kinachoishi juu ya karanga.

Kitu hicho kilipatikana kwenye karanga za Uganda. Sampuli iliyokuwa imechafuka vibaya ilifika maabara Uingereza, na humo wakaotesha kuvu ya rangi ya kijani iliyoelekea njano. Wataalamu wakaitambua: Aspergillus flavus. Ilikuwa kuvu ya kawaida kabisa, iliyopewa jina na Link tangu 1809, inayoishi kwenye udongo na kwenye nafaka za nusu ya dunia. Walichokigundua wakati huu ni kwamba kuvu hiyo, ikipata joto na unyevu wa kutosha, hutengeneza sumu.

Nimezisoma taarifa za miaka hiyo nikitafuta mtu. Nani alilima karanga zile za Uganda? Alizianika wapi, mvua ilimkuta zikiwa chini? Bata wale wa Kenya walikuwa wa nani? Katika kurasa nilizopitia hayumo. Kuna uzito wa kifaranga, kuna idadi ya siku alizoishi, kuna rangi ya ini. Uganda imo kama lebo kwenye mfuko wa sampuli. Sishangai, taarifa za maabara ndivyo zinavyoandikwa, lakini mwanahistoria akikuta lebo anataka kujua mkono ulioibandika.

Sumu ilipotengwa, ilitajwa kwa jina lililoshonwa kutokana na jina la kuvu: A kutoka Aspergillus, fla kutoka flavus, kisha toksini. Aflatoksini. Chini ya taa ya urujuanimno iling'aa, sehemu yake kwa bluu na sehemu kwa kijani, na hadi leo aina zake nne kuu zinaitwa kwa herufi za rangi hizo kwa Kiingereza, B1, B2, G1 na G2. Mwaka 1963 Asao, Büchi na Wogan wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza umbo lake la kikemia. Kiswahili cha Tanzania kimeipa jina ninalolipenda kuliko hayo yote: sumukuvu. Neno hilo linabeba sumu nyingine za kuvu pia, lakini mtu akilisema sokoni anamaanisha hii.

Kabla vipimo vya kemia havijaaminika, kipimo kilikuwa kifaranga cha bata cha siku moja. Chukua mashudu unayoyashuku, toa dondoo, mlishe kifaranga kwa siku kadhaa, mchinje, tazama ini kwa hadubini. Unachotazama ni mirija ya nyongo. Katika ini zima mirija hii ni myembamba na imetulia. Inakusanya nyongo na kuipeleka utumboni, na mwenye hadubini hana sababu ya kuikodolea macho. (Mbuni, ndege mkubwa kuliko wote waliopo, hana hata kibofu cha nyongo, lakini mirija anayo.) Katika kifaranga aliyekula sumukuvu, seli zinazoizungushia mirija hiyo huanza kuzaana bila mpangilio ndani ya siku chache. Zinaenea kwenye ini kama magugu yanayoingia shamba ambalo mwenyewe ameugua. Kadiri kipimo cha sumu kilivyo kikubwa, ndivyo zinavyoenea. Watafiti walipanga viwango vya uharibifu huo na kuvitumia kusema shehena hii ni salama, hii ni mbaya, hii ni mbaya sana. Bata alikuwa mizani. Mwaka 1963 Allcroft na Carnaghan walitumia vifaranga hivyohivyo kuonyesha kwamba ng'ombe akilishwa mashudu mabovu, sumu inatokea kwenye maziwa yake.

Seli za mirija ya nyongo zinazozaana bila mpangilio bado hazijawa saratani. Bata mzinga wa 1960 hawakufa kwa saratani. Hawakupewa muda huo. Ilibidi mtu apunguze dozi na kusubiri. Mwaka 1961 Lancaster, Jenkins na Philp waliandika katika jarida la Nature kwamba panya waliolishwa chakula chenye mashudu ya Brazili kwa miezi sita walipata uvimbe wa saratani kwenye ini, panya tisa kati ya 11. Miaka hiyohiyo wafugaji wa samaki aina ya trauti nchini Marekani walikuwa wakiona majini mwao kitu kisichoelezeka, samaki wengi mno wenye saratani ya ini, na baadaye sababu ikafuatiliwa hadi kwenye mashudu ya pamba yenye kuvu ileile. Mwaka 1965 Carnaghan akarudi kwa bata. Aliwalisha mashudu yenye sumu kidogo, kiasi ambacho bata anakivumilia na kuendelea kuishi. Wale waliobaki hai zaidi ya mwaka wengi wao walikutwa na uvimbe kwenye ini.

Hapo ndipo mambo mawili yaliyoonekana tofauti yalipokutana. Sumu ileile, kwa wingi, inaua kwa siku chache na ini linavuja damu. Kwa kidogokidogo, kila siku, inangoja.

Kemia ya kungoja huko ilieleweka polepole. B1 yenyewe inapoingia mwilini si hatari kubwa kiasi hicho. Ini ndilo linaloigeuza. Katika juhudi za kuiyeyusha ili itolewe nje, vimeng'enya vya ini huibadili kuwa umbo kali linaloshika DNA na kuiharibu. Mwili wenye bahati una vimeng'enya vingine vya kulidaka umbo hilo kabla halijafika kwenye DNA. Bata mzinga wa shambani hana uwezo huo, au anao kwa kiasi kisichofaa kitu, na ndiyo maana alikufa wakati kuku wa banda la pili, aliyekula chakula kilekile, alidhoofika tu. Utafiti wa karne hii umeonyesha kwamba bata mzinga wa porini bado ana kinga hiyo. Wakati binadamu anamchagua huyu kwa ajili ya kifua, alipoteza kuruka, na pamoja na hilo akapoteza kitu ndani ya ini ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta wala kukiona.

Swali lililofuata lilikuwa wazi hata kwa mtu asiye mwanasayansi. Karanga zinazolishwa bata mzinga Uingereza ni mashudu, makapi. Afrika Mashariki karanga zinaliwa na watu. Mahindi pia, na mtama, na kuvu hiihii inavipenda vyote. Na madaktari wa Makerere walikuwa tayari wanajua, kwa miaka mingi, kwamba wanaona saratani ya ini mara nyingi kuliko wenzao wa Ulaya. Rejista ya Saratani ya Kampala, iliyoanzishwa miaka ya 1950, ilikuwa na majina na wilaya. Mwaka 1966 na 1967 sampuli 480 za vyakula zilikusanywa sehemu mbalimbali za Uganda. Matokeo yalichapishwa 1971 na Alpert, Hutt, Wogan na Davidson. Karibu asilimia 30 ya sampuli zilikuwa na sumukuvu, na Karamoja, ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochafuka zaidi. Miaka miwili baadaye Peers na Linsell walichapisha utafiti wa Murang'a, Kenya. Wilaya ile inapanda kutoka tambarare zenye joto hadi miteremko ya baridi, na wao walilinganisha chakula cha watu wa chini, wa kati na wa juu. Kadiri unavyoshuka, sumu iliongezeka, na wagonjwa wa saratani ya ini nao waliongezeka.

Nikisoma makala ya Murang'a najisikia tofauti na nilivyojisikia kwa zile za bata. Humu watu wapo, angalau kama idadi. Lakini ushahidi wa aina hii una tabia yake ngumu. Unasema juu ya wilaya na hausemi lolote juu ya mtu. Mjomba wangu alikufa kwa saratani ya ini akiwa na miaka 43. Alikuwa mtu wa Dodoma vijijini, alikula ugali wa mahindi ya ghala lake maisha yake yote, na karanga zilikuwa mboga, zilikuwa kitafunwa, zilikuwa uji wa watoto. Nikisimulia utafiti wangu nyumbani, mama yangu mdogo huniuliza moja kwa moja: "Kwa hiyo ni karanga zilizomuua kaka?" Siwezi kumjibu ndiyo. Homa ya ini aina ya B ni ya kawaida kwetu, na haijulikani kama mjomba aliwahi kupimwa. Mwaka 1992 utafiti uliofanyika Shanghai ulionyesha kwamba mtu mwenye virusi hivyo ambaye pia anakula sumukuvu yuko kwenye hatari kubwa mno kuliko mwenye kimojawapo tu. Viwili hivyo havijumlishwi, vinazidishana. Mwaka uliotangulia ilikuwa imegunduliwa kwamba, katika sehemu zenye sumukuvu nyingi, kama Qidong nchini China na kusini mwa Afrika, uvimbe wa ini mara nyingi hubeba kovu moja mahususi kwenye jeni iitwayo p53, nukta ileile, kama alama ya kidole. Kwa hiyo kinadharia ingewezekana kutazama. Lakini uvimbe wa mjomba haukuchukuliwa sampuli, na sasa uko ardhini. Kwa mama mdogo nasema tu kwamba inawezekana. Ananitazama kama mtu aliyesomeshwa kwa hasara.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka sumukuvu kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana bila shaka kusababisha saratani kwa binadamu, mwaka 1987. Ulaya ilikuwa imeshaanza zamani kuweka viwango, kwanza kwa ajili ya mifugo na maziwa, kisha kwa karanga wanazokula watu. Viwango hivyo ni vya haki, sina ugomvi navyo. Matokeo yake upande huu wa bahari ndiyo yanayonisumbua. Anayetaka kuuza nje anachambua. Karanga nzima, ngumu, zenye ngozi inayong'aa zinaingia kwenye gunia la kusafiri. Zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizobadilika rangi zinabaki. Na kuvu inapenda hasa hizo. Kuchambua kwa mkono ni njia mojawapo bora ya kupunguza sumu kwenye gunia, ila kunachoondolewa kwenye gunia hilo hakiondoki duniani.

Kuhusu vifo vya haraka, Kenya imevijua zaidi ya mara moja. Mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za Machakos, 12 wakafa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mvua ilikuwa imeharibu mavuno na watu wakahifadhi mahindi yakiwa mabichi, wengine ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Waliougua walikuwa 317, waliokufa 125. Wachunguzi walipopima mahindi ya masokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kiwango cha Kenya cha wakati huo, sehemu 20 kwa bilioni. Nyingine zilizidi 1,000. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Macho ya manjano, tumbo kujaa, watoto zaidi kuliko wakubwa. Nilikuwa sekondari wakati huo, na ninachokumbuka ni redio ikisema ugonjwa wa ajabu, usiojulikana. Kwa siku kadhaa tulikuwa na X yetu.

Kiwango cha Afrika Mashariki sasa ni sehemu 10 kwa bilioni kwa mahindi na karanga, na B1 peke yake isizidi 5. Mwaka jana, baada ya mavuno, nilikwenda soko la nafaka la Kibaigwa, ambalo liko wilaya hiyohiyo ya Kongwa, kuona karanga na mahindi yanavyopita. Pembeni ya magari mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, ungo mapajani, akichambua karanga kwa kasi ambayo macho yangu hayakuweza kuifuata. Mbele yake kulikuwa na rundo mbili, kubwa na dogo. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza lile dogo linatupwa wapi.

"Hayatupwi hayo, mwanangu," alisema, bila kuinua kichwa. "Yana wateja wake. Kuna wa kuku, na kuna wanaosaga."

Nilimuuliza wanaosaga wanasagia nini.

"Unga wa kuungia mboga. Ni bei nafuu."

Akanitajia bei ya kila rundo, kwa kilo. Lile dogo lilikuwa chini ya nusu.